Al-Jazari na Pistoni Zisizovuja

Mwanafunzi mpenzi, siku gari la baba likipata pancha, usibaki ndani na simu. Shuka ukaangalie. Kwa fundi wa banshar, awe wa Riyadh au wa Jeddah, utaona mashine ya kuvulia tairi kwenye rimu. Fundi anakanyaga pedali, unasikia hewa ikitoka fsss, na mkono mnene wa chuma unasukuma ubavu wa tairi mpaka linaachana na rimu. Tairi lililokuwa limeng'ang'ania linaachia kama mkate unaotoka kikaangoni. Fundi hakutumia nguvu ya mikono yake. Kilichosukuma ni hewa, na hewa hiyo imesukuma ikiwa ndani ya bomba la duara lenye pistoni, ambalo mafundi huliita silinda. (Neno banshar lenyewe ni ndugu wa pancha letu. Yote mawili ni mtoto wa neno moja la Kiingereza, kila lugha ikamlea kwa mdomo wake.)

Leo nakusimulia maisha ya mtu aliyehangaika na silinda na pistoni zaidi ya miaka 800 iliyopita, kaskazini mwa nchi hii unayoishi. Jina lake ni refu kidogo: Badi al-Zaman Abu al-Izz Ismail ibn al-Razzaz al-Jazari. Usitishike. Ukiwa unajua Kiswahili, nusu ya jina unaijua tayari. Badi al-Zaman ni lakabu ya heshima, maana yake mtu wa ajabu katika zama zake, na hapo umekwisha kuiona zamani yetu. Al-Jazari ni mtu wa al-Jazira, nchi iliyo juu kati ya mito ya Tigris na Euphrates. Wazazi waliokulia pwani watakumbuka kwamba jazira ni neno la wazee kwa kisiwa. Nchi ile imekumbatiwa na mito miwili, ndiyo maana Waarabu waliita kisiwa hata pale ambapo hakuna bahari.

Karibu yote tunayoyajua juu ya al-Jazari yametoka kwenye kitabu chake mwenyewe, na humo hakujisimulia sana. Alisimulia kazi. Alianza kuwatumikia watawala wa ukoo wa Artuq, katika nchi ya Diyar Bakr, kwenye mwaka 570 wa Hijria, yaani 1174 au 1175. Alimtumikia baba, kisha mwana mmoja, kisha mwana wa pili, Nasir al-Din Mahmud. Mji wao mkuu ukawa Amid, ambao leo ni Diyarbakır nchini Uturuki, mji wenye kuta ndefu za mawe meusi kando ya mto Tigris. Watawala hao waliupata mwaka 1183, Salah al-Din alipouteka na kuwakabidhi. Kwa hiyo piga picha ya zama zenyewe: majeshi yanapita, miji inabadilisha wenyewe, na mwaka 1187 Salah al-Din anaingia Jerusalem. Wakati huo wote kuna mtu mmoja karakanani anapima shaba kwa kamba na bikari.

Kazi yake nyingi ilikuwa ya kuwafurahisha wakubwa. Alitengeneza saa za maji, na mojawapo ni ile ya tembo ambayo huenda umeiona kwenye picha. Aliyetembelea Ibn Battuta Mall kule Dubai amesimama mbele ya tembo aliyeundwa upya kwa kufuata maelezo yake. Alitengeneza chombo cha kumwagia maji mfalme akitawadha, kwa sababu mfalme huyo hakupenda mtumishi amsimamie na kumminia mikononi. Alisubu mlango mkubwa wa shaba wa kasri. Alitengeneza pia filimbi zinazopiga zenyewe. Maji yanaingia taratibu kwenye tangi lililofungwa, hewa iliyomo inakosa pa kukaa, inatokea kwenye kitundu cha filimbi, na filimbi inalia. Tangi likijaa, maji yanahamia tangi la pili, na filimbi nyingine inaanza. Hapo al-Jazari alikwisha kuonyesha kwamba hewa si utupu. Ni kitu. Ukiibana, itatafuta njia, na njiani inaweza kufanya kazi.

Siku moja Nasir al-Din alimwita. Alikuwa ameona vyombo vingi, na aliona pia hatari iliyokuwapo: vyote vilikuwa mikononi na kichwani mwa mtu mmoja. Fundi akifa, mashine inabaki miaka michache, inaharibika, na hakuna anayejua kuirudishia. Hilo limetokea mara nyingi duniani. Limetokea kwetu pia, kwa wahunzi na mafundi wa vyombo ambao hawakuacha mwanafunzi. Mtawala akamwambia akusanye yote aliyoyaunda na kuyaweka kwenye kitabu. Al-Jazari alikuwa amekaa kwenye utumishi kiasi cha miaka 25. Akaacha nyundo, akashika kalamu.

Kitabu hicho kinajulikana kwa Kiarabu kama Kitab fi ma'rifat al-hiyal al-handasiyya. Soma tena maneno mawili ya mwisho polepole. Al-hiyal ni wingi wa hila. Kwa Kiswahili hila imebaki na harufu ya ujanja mbaya, lakini kwa mafundi wa zama zile ilikuwa ujanja wa kifaa, werevu wa kukifanya kitu kidogo kizae kazi kubwa. Na al-handasiyya ndiko alikotoka mhandisi wetu. Kwa hiyo ni kitabu cha kujua hila za kihandisi. Kinaeleza vyombo 50 katika mafungu 6: saa, vyombo vya karamuni, vyombo vya kunawia na vya kupimia damu, chemchemi na filimbi, mashine za kupandisha maji, na mwishoni mchanganyiko.

Jambo linalonifanya nimpende al-Jazari ni namna alivyoandika. Aliwasoma waliomtangulia, akawaheshimu, lakini aliona kwamba baadhi yao walieleza vyombo ambavyo hawakuvijaribu. Yeye alieleza alichokiunda. Alitaja vipimo, akataja madini, akaeleza kipi kinaanza na kipi kinafuata, na penye picha aliziweka herufi kila sehemu ili fundi wa mbali aweze kufuata. Anaandika kama fundi anayemwelekeza mwanafunzi aliyesimama pembeni.

Sasa tufike kwenye fungu la tano, mashine za kupandisha maji. Ziko 5. Watu wengi wakifungua kitabu hiki wanakimbilia tembo. Mimi naona ya tano kati ya hizi ndiyo kubwa kuliko tembo, japo haina dege wala joka wala mapambo.

Ni pampu, na inafanya kazi hivi. Gurudumu lenye makasia linasimama kwenye mto, na maji yakipita yanalizungusha. Gurudumu linazungusha jingine lenye meno, na kwenye hilo la pili pamechomekwa kijiti pembeni, mbali na katikati. Kijiti kimeingia kwenye mwanya wa fimbo ndefu. Gurudumu likizunguka, kijiti kinazunguka nalo, na fimbo inalazimika kuyumba kushoto na kulia, kushoto na kulia. Mzunguko umegeuka kuwa kwenda na kurudi. Kwenye fimbo zimefungwa pistoni mbili, moja kila upande, kila moja ndani ya silinda yake ya shaba iliyolazwa. Fimbo ikienda kulia, pistoni ya kulia inasukuma maji juu na ya kushoto inavuta maji kutoka mtoni. Ikirudi kushoto, zinabadilishana zamu. Vali, yaani vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu, vinazuia maji yasirudi yalikotoka. Mabomba mawili ya kutolea yanaungana juu kuwa moja, na maji yanapanda kama dhiraa 20. Hakuna safari ya bure: kila fimbo inapokwenda, maji yanapanda.

Nimesema pistoni inavuta maji. Tuseme kwa usahihi zaidi. Pistoni ikirudi nyuma inaacha nafasi, na hewa ya nje, ambayo muda wote inaukandamiza uso wa mto, inayasukuma maji yaingie kwenye nafasi hiyo. Nguvu hiyo ya hewa ina kikomo. Wewe wa Jeddah, uliye usawa wa bahari, hewa yako inaweza kusukuma maji ndani ya bomba mpaka karibu mita 10 na si zaidi, hata ukiwa na pampu ya dhahabu. Wewe wa Riyadh uko kiasi cha mita 600 juu ya bahari, hewa yako ni nyepesi kidogo, na unapungukiwa zaidi kidogo ya nusu mita. Al-Jazari aliweka silinda zake karibu na maji, mvuto ukawa mfupi, na safari ndefu ya kupanda akaiachia pistoni isukume.

Lakini mchoro ni rahisi. Shida ya silinda, jana na leo, ni kuvuja. Pistoni ikibana sana haitembei. Ikilegea, maji au hewa inapita pembeni, na nguvu yote inapotea kwenye mwanya usioupita hata ukucha. Al-Jazari hakuwa na mashine ya kukereza chuma kwa usahihi wa leo, wala mpira. Alichofanya ni kutengeneza pistoni kwa visahani viwili vya shaba vilivyoachana, na nafasi ya katikati akaijaza kamba ya nyuzi za mmea, za jamaa ya kamba zetu za katani, iliyozungushwa na kukazwa. Kamba ikilowa inavimba, inajaza mwanya, na bado ni laini kiasi cha kuteleza. Shaba inatoa umbo na nguvu, nyuzi zinatoa ulaini. Fundi bomba wa Kiswahili anayezungushia nyuzi kwenye koki isivuje anafanya kazi ya ukoo huohuo.

Kwa vali alifanya jingine. Kiziba na kiti chake alivisugua pamoja kwa unga wa jiwe gumu, la aina inayotumika kwenye msasa, mpaka vikazoeana na maji yakakosa pa kupita. Mafundi wa injini bado wanasaga vali kwa njia hiyo. Mbao za magurudumu hakuzikata kipande kimoja. Aliunganisha mbao nyembamba kadhaa ili zisipinde zikipata maji na jua. Magurudumu aliyapima mizani kabla ya kuyafunga, na umbo gumu alilitengeneza kwanza kwa karatasi. Ukiniuliza ukubwa wake uko wapi, nitakuonyesha hapo kwenye kamba, unga wa jiwe na karatasi.

Mzazi aliyesoma uhandisi atataka haki itendeke kwa wengine, nami nakubali. Al-Jazari hakuwa wa kwanza kuweka pistoni ndani ya silinda. Karne ya 3 kabla ya Kristo, Ctesibius wa Alexandria, ambaye husemwa alikuwa mtoto wa kinyozi, alikwisha kuunda pampu ya silinda mbili na vyombo vinavyoendeshwa na hewa. Wana watatu wa Musa, wa Baghdad, waliandika kitabu chao cha hila katika karne ya 9, na al-Jazari aliwajua. Upande wetu wa bahari, wahunzi walivukuta moto kwa mivukuto ya ngozi, na Madagaska walitumia magogo mawili yaliyotobolewa, yenye pistoni mbili zinazopanda na kushuka kwa zamu, ufundi uliovuka bahari kutoka kusini-mashariki mwa Asia. Pampu ya al-Jazari inahesabiwa na wanahistoria kwa mambo matatu kukutana mahali pamoja: bomba halisi la kuvutia maji, pistoni mbili zinazofanya kazi kwenda na kurudi, na mzunguko uliogeuzwa kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Mambo hayo matatu utayakuta kwenye injini na kompresa nyingi za leo.

Sasa mrudie fundi wa banshar. Silinda yake ni pampu iliyogeuzwa. Kwa al-Jazari nguvu ilitoka kwenye gurudumu, ikasukuma pistoni, pistoni ikasukuma maji. Kwenye silinda ya hewa, kompresa imebana hewa ndani ya tangi, hewa inaingia upande mmoja wa silinda, inaisukuma pistoni, na fimbo ya pistoni inafanya kazi nje. Vali ikigeuzwa, hewa inaingia upande wa pili, pistoni inarudi, na hewa ya kwanza inatolewa nje. Ile fsss ndiyo hiyo, hewa iliyomaliza kazi. Breki za upepo za malori na milango ya mabasi mengi makubwa inatumia hila hiyohiyo.

Nguvu yake unaweza kuipiga hesabu darasa la sita. Karakana nyingi hutumia hewa ya bar 6 hivi, karibu mara tatu ya tairi la gari dogo. Bar moja ni sawa na uzito wa kilo 1 hivi juu ya kila sentimita ya mraba. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 ina pistoni ya eneo la sentimita za mraba 19.6. Zidisha kwa 6: inasukuma kama mtu wa kilo 118 amesimama juu yake. Ikirudi inavuta kwa nguvu iliyopungua kidogo, kwa kuwa fimbo imekula sehemu ya uso wa pistoni. Fimbo ikiwa na unene wa milimita 20, zinabaki kilo 99 hivi. Mwambie mwalimu wa hisabati akukague.

Na madini? Bomba la silinda siku hizi huwa la alumini, kwa kuwa ni jepesi, na uso wake hutiwa ugumu kwa umeme ili usikwaruzike. Fimbo ni ya chuma cha pua kilichopakwa kromu, ngumu na inayong'aa kama kioo. Mahali pa kamba ya al-Jazari sasa pana pete za mpira wa nitrile au poliurethani, ambazo mafundi huziita sili. Zimekaa palepale alipoweka nyuzi, zinafanya kazi ileile.

Hapa miji yenu miwili inatofautiana. Jeddah ina unyevu na chumvi ya Bahari ya Shamu. Hewa yenye unyevu ikibanwa kisha ikapoa, maji hudondoka ndani ya mabomba, kama jasho kwenye glasi ya maji baridi. Fundi wa Jeddah akisahau kumwaga maji ya tangi la kompresa, kutu inaanza ndani, na nje chumvi inakula chuma. Karibu na bahari huchaguliwa fimbo ya chuma kisichoshika kutu. Riyadh hewa ni kavu, ila vumbi ni jingi na kiangazi joto hupita nyuzi 40. Vumbi likikaa juu ya fimbo, fimbo ikiingia ndani inaingia na mchanga, na mchanga unachana sili. Kwa hiyo mlangoni mwa silinda huwekwa pete ya kufuta, ambayo hupangusa fimbo kila inaporudi, kama mtu anayejipangusa miguu kabla ya kukanyaga mkeka.

Al-Jazari alimaliza kitabu chake mwanzoni mwa 1206, na hutajwa kuwa alifariki mwaka huohuo. Nakala ya zamani zaidi iliyobaki ilikamilishwa miezi michache tu baadaye, na sasa iko Istanbul, katika kasri la Topkapı. Wanakili waliendelea kuiandika kwa mkono karne baada ya karne, pamoja na picha zake za rangi. Katika karne ya 16, Taqi al-Din, naye akiandika kwa Kiarabu, alieleza pampu ya silinda 6. Mwaka 1974 mhandisi Mwingereza, Donald Hill, alichapisha tafsiri kamili ya Kiingereza ya kitabu cha al-Jazari. Miaka 2 baadaye saa yake ya kasri iliundwa upya London kwa kufuata maelezo hayo. Ikafanya kazi. Mtu aliyekufa miaka 770 nyuma alikuwa amewaelekeza mafundi ambao hata lugha yake hawakuijua.

Kwa kazi ya nyumbani wiki hii, waombe wazazi wakununulie famasi mabomba mawili ya sindano, yasiyo na sindano, moja kubwa na moja dogo, na kipande cha mpira mwembamba wa kuyaunganisha. Jaza hewa, sukuma moja, tazama la pili. Kisha jaza maji, ujaribu tena, uandike kwa Kiswahili tofauti uliyoiona: lipi lilichelewa, lipi lilikuwa gumu, na lipi lilivuja. Chomoa pistoni uitazame. Mbele yake kuna kipande cheusi cha mpira. Mwulize babu au bibi kwa simu, kwao kitu hicho wanakiitaje, na uje na jina hilo darasani Jumamosi.